Bei Moja Nchi Nzima: Mahindi ya Rukwa na Majibu ya Ujamaa kwa Mtikisiko wa Uchumi

Msimu wa 1980/81 Shirika la Usagishaji la Taifa, lililofahamika kwa herufi zake NMC, lilinunua kilo ya mahindi kwa shilingi 1. Bei hiyo ilikuwa ileile Sumbawanga, Morogoro na hata katika vijiji vya jirani na Dar es Salaam. Gunia la Ufipa, uwanda wa Sumbawanga mkoani Rukwa, lilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika kwenye vinu vya mjini, lakini mkulima wake alipokea sawasawa na mwenzake ambaye gunia lake lilifika kwa saa chache. Gharama ya safari ilibebwa na shirika, na nyuma ya shirika ilikuwapo serikali. Katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni na kukosa mafuta, sabuni na vipuri, bei hiyo moja ilikuwa miongoni mwa hatua nzito kabisa zilizowahi kuchukuliwa nchini kupunguza pengo kati ya maeneo tajiri na maskini. Ilikuwa pia miongoni mwa zile za gharama kubwa kabisa.

Uzito wake Rukwa hauonekani bila kuitazama hali iliyotangulia. Chini ya Waingereza, Ufipa ilikuwa mbali na kila kitu kilichohesabiwa kuwa uchumi. Reli ya Kati ilipita mbali kaskazini, na tawi lililofika Mpanda karibu na mwaka 1950 lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, wala si mazao ya wakulima. Vijana walitoka kwenda kutafuta fedha za kodi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Waliobaki walilima ulezi na maharage kwa ntumba, kilimo ambacho Wafipa walikuwa mabingwa wake: mvua zikielekea mwisho, nyasi hulimwa, hukusanywa na kufunikwa kwa udongo katika vichuguu vya mviringo ili zioze humo, juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata vichuguu husambazwa ili shamba lipokee ulezi likiwa limeshiba. Kilimo hicho kiliwalisha watu wengi kwenye uwanda usio na rutuba nyingi, ila hakikuwa na soko la mbali, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kulifikia.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Mpanda iliyotoka Tabora na Sumbawanga iliyotoka Mbeya. Miaka hiyohiyo ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha serikali kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje, na akiba ya fedha ikayeyuka. Jibu lililotolewa lilikuwa na sehemu mbili zilizokwenda pamoja. Kwanza, bei ya mazao ya chakula ikawa moja nchi nzima. Pili, mbolea ya chumvichumvi iliyotoka kiwanda cha Tanga nayo ikauzwa kwa bei moja yenye ruzuku, na vijiji vikaikopa pamoja na mbegu bora kupitia Benki ya Maendeleo Vijijini. Mkulima wa pembezoni akajikuta ameondolewa adhabu ya umbali mara mbili, anaponunua na anapouza.

Ufipa iliitikia. Uwanda wake wenye mvua za uhakika, ng'ombe wa kukokota plau na ardhi ambayo bado ilikuwa ya kutosha ulifaa mahindi, na kilichokosekana miaka yote kilikuwa sababu ya kulima zaidi ya mahitaji ya nyumbani. Rukwa ikaingia katika orodha ya mikoa minne mikubwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mikoa hiyo minne ndiyo iliyokuwa ikiijaza NMC, wakati mikoa ya karibu na Dar es Salaam ikipeleka mahindi yake kwa walanguzi waliolipa zaidi. Eneo ambalo kwa vizazi viwili lilisafirisha vijana sasa lilisafirisha chakula.

Haya yote yalitokea wakati uchumi wa taifa ukizama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikabaki kujijengea upya shirika la ndege, reli, bandari na posta. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana mwaka 1976 na 1977, ikashuka. Mwaka 1978 serikali ililegeza masharti ya uagizaji kwa ushauri wa wafadhili, na akiba iliyotokana na kahawa ikatumika kwa muda mfupi. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vita vilivyofuata, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979, vilikadiriwa kugharimu dola milioni 500 hivi. Kisha bei ya mafuta ikapanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Nchi iliyouza kahawa, pamba, katani na korosho ili inunue mafuta na mashine ilijikuta ikitoa mazao mengi zaidi kwa pipa lilelile.

Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, yalifika pabaya mwaka 1979. Masharti yalikuwa yale ambayo nchi nyingi zilikuja kuyajua kwa moyo: kushusha thamani ya shilingi, kubana mishahara, kupunguza ruzuku, kuacha udhibiti wa bei na kufungua milango ya bidhaa za nje. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona makubaliano hayaepukiki na akaachia wadhifa wake. Rais Julius Nyerere aliwaambia mabalozi katika hotuba ya mwaka mpya, Januari 1980, kwamba nchi yake haitaongozwa na shirika hilo, akahoji ni lini lilipewa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia. Julai mwaka huo Arusha iliandaa mkutano wa kudai mfumo mpya wa fedha wa kimataifa, na serikali ya Michael Manley wa Jamaica, iliyokuwa katika mvutano wa aina hiyohiyo, ilikuwa miongoni mwa walioubeba. Manley alishindwa uchaguzi miezi michache baadaye.

Hoja ya upande wa Nyerere haikuwa ya ubishi mtupu. Ilikuwa na mantiki iliyohusu moja kwa moja nani atalipa. Shilingi ikishuka, mafuta ya taa, dawa na jembe vinapanda kesho, ilhali mkahawa hauzai zaidi mpaka miaka ipite. Ruzuku ikiondolewa, mshahara wa kima cha chini unapungua thamani bila mtu kuukata. Na kwa nchi iliyojivunia kuwa pengo la kipato kati ya watumishi wa juu na wa chini kabisa, baada ya kodi, limeshuka kutoka 50 kwa 1 mwaka 1961 hadi 9 kwa 1 hivi kufikia 1976, kukubali masharti hayo kulionekana kama kulibomoa Azimio la Arusha kwa mkono wa mwenye nalo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiligawanyika. Baadhi ya wachumi vijana, wakiwamo Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu, walisema bila marekebisho ya bei na sarafu hakuna cha kugawana. Wasomi wa mrengo wa kushoto walijibu kwamba marekebisho hayo yanamrudishia nguvu mwenye mtaji na kumwacha mkulima peke yake sokoni.

Mabishano yale yaliendeshwa zaidi kwa lugha ya sarafu na bajeti. Kwa Rukwa, swali lilikuwa la mahindi, na hapo pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

NMC ilinunua kwa bei moja, ikasafirisha kwa malori mabovu mpaka Tunduma au Mbeya ili mzigo upande TAZARA, ikasaga, kisha ikauza sembe mijini kwa bei ya chini iliyopangwa na serikali. Kila kilo iliyotoka mbali iliongeza hasara. Shirika lilifidia hasara kwa kukopa Benki ya Taifa ya Biashara, na deni likafikia mabilioni ya shilingi. Benki nayo ilipata fedha hizo kwa njia iliyochochea mfumuko wa bei. Kadiri Rukwa ilivyolima vizuri, ndivyo vitabu vya NMC vilivyozidi kuharibika. Sera haikuwahi kuamua waziwazi ni nani nchini anayepaswa kulipia umbali wa Rukwa. Ililiacha deni libebe uamuzi huo.

Kwa kuwa mlipaji hakutajwa, mzigo uliwaangukia wasiojua kwamba wanalipa. Shilingi iliyong'ang'aniwa kwa thamani ya juu ilimpunja mkulima wa zao la kuuza nje: mwenye kahawa Kagera na Kilimanjaro, mwenye pamba Usukumani, mwenye korosho Mtwara na Lindi. Mkulima wa korosho Newala hakuwa tajiri kuliko mkulima wa mahindi Laela. Usawa kati ya maeneo ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa kuchota kutoka kwa maskini wa eneo jingine, na huu ndio udhaifu ambao watetezi wa sera ile hawakuutazama usoni vya kutosha.

Ndani ya Rukwa kwenyewe bei moja haikumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja. Ililipwa kituoni. Kutoka shambani hadi kituoni, gharama ilikuwa ya mkulima. Kwenye uwanda, kando ya barabara ya Tunduma, jambo hilo lilivumilika. Bondeni, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, ambako kata kama Milepa zinalitazama Ziwa Rukwa, hali ilikuwa nyingine. Bonde ni la joto, linatoa mpunga na ufuta pamoja na mahindi, na kulitoka ni kupanda ukingo wa bonde la ufa kwa barabara ambazo masika yakikolea hugeuka makorongo na utelezi. Mwenye maksai na mkokoteni alikuwa na njia yake. Asiye navyo alisubiri lori, au alimuuzia jirani mwenye navyo kwa bei aliyopangiwa. Waliofaidi zaidi walikuwa wale waliokuwa tayari na ng'ombe, watoto wa kusaidia kazi na nafasi katika serikali ya kijiji, ambako mbolea ya mkopo iligawiwa.

Halafu kulikuwa na kuchelewa. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, hasa baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa Mei 1976. Fedha zilipochelewa kufika kituoni mkulima aliondoka na stakabadhi badala ya noti, na malori yalipokosa matairi mahindi yalirundikwa nje na kunyeshewa. Anayetaka kumuuzia mwingine alikutana na kizuizi barabarani, kwa kuwa kusafirisha nafaka inayozidi kilo 30 kutoka mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali. Hata aliyelipwa kwa wakati hakuwa na cha kununua. Duka la kijiji lilitegemea mgao wa Kampuni ya Biashara ya Mkoa, RTC, na mgao huo ulikuja na sabuni chache, khanga chache na chumvi kidogo. Fedha ya mahindi ilikaa mfukoni ikipungua thamani. Mkulima mwenye akili timamu akaanza kujiuliza kwa nini alime ekari ya tatu.

Jibu la serikali kwa uhaba huo lilikuwa kali. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza operesheni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, mahakama maalumu ikaundwa, na maelfu wakakamatwa nchi nzima. Watu waliochoshwa na foleni waliipokea kwa shangwe, na sifa ya Sokoine kama kiongozi aliyewachukia wezi wa mali ya umma imedumu mpaka leo. Lakini bidhaa hazikuongezeka kwa kukamata waliozificha. Madukani zilizidi kuadimika, kwa sababu hata mfanyabiashara mdogo aliyepeleka sabuni kijijini kwa baiskeli aliogopa. Katika kulinda usawa, chombo kilichotumika kiligonga pia watu wa chini waliokuwa wakiziba pengo la RTC. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984.

Kugeuka kulianza miezi miwili baadaye, kabla ya mkataba wa 1986 na IMF. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, iliondoa ruzuku ya sembe na kupandisha bei za wakulima. Kiasi cha nafaka kinachoruhusiwa kusafirishwa bila kibali kilipanda kutoka kilo 30 hadi 500, na mwaka 1987 vizuizi vikaondolewa kabisa. Nyerere aling'atuka Novemba 1985. Chini ya Ali Hassan Mwinyi mkataba ulitiwa saini mwaka 1986, na katikati ya mwaka huo dola moja, iliyokuwa shilingi 17 hivi, ikawa shilingi 40.

Mwenendo huu wa kukataa kwa nguvu na kukubali baadaye haukuwa wa Tanzania peke yake. Miaka 30 hivi baadaye Ugiriki ilipitia njia inayofanana: chama cha mrengo wa kushoto cha Syriza kiliingia madarakani Januari 2015 kwa ahadi ya kukataa kubana matumizi, wananchi wakapiga kura ya kuyakataa masharti Julai mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha Waziri Mkuu Alexis Tsipras akawa amekubaliana na wakopeshaji. Tofauti kubwa ni kwamba Nyerere alistahimili miaka sita, na mkataba wa 1986 ulisainiwa chini ya mrithi wake. Kufanana kwao kupo katika udhaifu mmoja: mwenye kutetea maskini dhidi ya masharti ya mkopo anahitaji chanzo kingine cha fedha, na pande zote mbili hazikukipata.

Mageuzi yalileta bidhaa. Hilo halina ubishi, na waliosimama foleni ya sabuni hawahitaji kuelezwa. Khanga, betri, sukari na baiskeli vilirudi hadi kwenye maduka ya vijijini. Kwa Rukwa, hata hivyo, kuna hesabu ya pili. Bei moja ya mahindi iliachwa, mnunuzi binafsi akaruhusiwa, na umbali ukarudi ndani ya bei. Mfanyabiashara alikata nauli kwanza, kisha akamlipa mkulima kilichobaki. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa mwaka 1991, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaisha katikati ya miaka ya 1990. Mikoa minne iliyokuwa imezoea mbolea ndiyo iliyoumia zaidi. Wakulima wengi walipunguza mahindi au walilima bila mbolea kwenye udongo uliokwisha kuizoea. Hakuna chombo kilichochukua nafasi ya kulipia umbali, wala barabara haikujengwa kwanza ili umbali upungue. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, ilikuja kukamilika katika muongo wa 2010, takriban robo karne baada ya bei moja kufutwa. Kama mpangilio ungegeuzwa, barabara ikatangulia na soko huria likafuata, sura ya mkoa leo ingekuwa nyingine.

Katika robo karne hiyo lumbesa ilitawala. Gunia lilishonewa kilemba juu, likabeba debe moja au mawili zaidi, na likalipwa kama gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa na mnunuzi mmoja mlangoni hana nguvu ya kuitaja sheria. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unanunua mahindi Sumbawanga, na bei yake ikitangazwa huwa juu ya ile ya mlanguzi. Uwezo wake wa kununua una kikomo, na kikomo kikifikiwa anayerudi na magunia yake ni aliyekuja kutoka mbali.

Mwaka 2017 deni la umbali lilidaiwa upande wa pili. Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi ili chakula kisipande bei nyumbani. Kwa mkazi wa Dar es Salaam zuio hilo lilikuwa nafuu. Kwa Rukwa, ambayo masoko yake ya asili yapo Zambia na, kwa njia ya bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo, lilimaanisha mahindi kurundikana na bei kuporomoka. Mwaka 1980 taifa lilimlipia mkulima wa Rukwa nauli ili mjini wapate sembe. Safari hii mjini walipata sembe ya bei nafuu, na mkulima wa Rukwa ndiye aliyelipa.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliiweka Rukwa juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara kwa umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa asilimia 45, wakati Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huu ni mkoa unaozalisha chakula cha ziada karibu kila mwaka. Gunia linauzwa Julai kwa bei ya chini ili deni lilipwe, na mlo wa Februari unakuwa ugali na mboga bila cha kuongeza.

Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea mwaka 2022, serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilirudisha ruzuku, shilingi bilioni 150, iliyozinduliwa siku ya Nane Nane jijini Mbeya, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukapangiwa bei ya shilingi 70,000 nchi nzima. Mbolea ikawa tena na bei moja, kama enzi za kiwanda cha Tanga, lakini mahindi yakabaki na bei ya soko. Mfuko unapatikana kwa wakala aliyesajiliwa, na mkulima naye lazima asajiliwe na kupata namba. Mawakala wengi wapo mjini na kwenye vituo vya barabara kuu. Mkazi wa bondeni anayepanda hadi uwandani kufuata mifuko miwili analipa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na nauli ya mbolea yenyewe. Shilingi 70,000 za mwaka 2022 ziliishia dukani kwa wakala, kama shilingi 1 ya mwaka 1980 ilivyoishia kwenye mizani ya NMC.